Kuandika safari ya bendi ya mkoani ya miaka ya sabini: anza na santuri, mzee baadaye

Wengi wanaotaka kuandika historia ya bendi ya zamani ya dansi huanzia kwa mzee. Wanamtafuta mpiga gitaa aliyebaki, wanawasha simu irekodi, wanauliza "mlianza lini?" Saa mbili baadaye wanaondoka na masimulizi matamu yasiyo na mwaka hata mmoja unaoshikika, na mzee amechoka, hatataka tena kukaa kitako nao. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake. Kusanya kwanza vitu visivyosahau, yaani santuri, kanda, magazeti na picha. Uvipange, uone mapengo yako wapi, ndipo umpelekee mzee mapengo hayo.

Mfano utakaorudiwa humu ni Morogoro Jazz, bendi iliyoanza 1944 na iliyopata sauti yake kubwa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alipoingia katikati ya miaka ya sitini. Njia ni ileile kwa Tabora Jazz, kwa Atomic au Jamhuri za Tanga, na hata kwa Afro 70 ya Patrick Balisidya.

Jedwali kabla ya yote

Fungua jedwali kwenye kompyuta, au daftari la kurasa pana kama huna kompyuta. Kila upande wa santuri uwe na mstari wake. Safu ziwe hizi: kampuni, namba ya santuri, upande, jina la wimbo, mtunzi, jina la bendi, mchongo (herufi na tarakimu zilizochongwa karibu na lebo), urefu wa wimbo kwa dakika na sekunde, nakala iko kwa nani, mwaka wa chini, mwaka wa juu, na ushahidi. Vitu vitatu, yaani jina la wimbo, la mtunzi na la bendi, vinakiliwa kama vilivyochapwa, makosa na yote. Lebo ikisema "Morogoro Jaz", andika "Morogoro Jaz". Sahihisho lina safu yake pembeni. Ukisahihisha mle mle, kesho hutajua kama zipo santuri mbili tofauti au moja iliyochapwa mara mbili, na kosa la uchapaji mara nyingi ndilo linalotofautisha toleo la kwanza na la pili.

Safu mbili za mwaka zitawashangaza waliozoea kuandika mwaka mmoja, lakini humo ndimo kazi ilimo. Santuri nyingi za Afrika Mashariki za saizi ndogo hazina mwaka kwenye lebo. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba wimbo haukutoka kabla ya fulani wala baada ya fulani, halafu unaubana mpaka pande mbili zikaribiane.

Kuisoma santuri

Miaka ya sabini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kinachofanya kazi. Bendi ilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, au ilisafiri Nairobi ikarekodi huko, na santuri yenyewe ikachapwa Nairobi. Kwa hiyo utaona majina ya Polydor na Philips pamoja na lebo nyingi za Nairobi kwenye nyimbo za watu wa Tabora na Morogoro. Santuri ndogo za Polydor ya Nairobi zina namba zinazoanza na POL. Za Philips utakutana na HL. Namba ndani ya mfululizo mmoja hupanda kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo ukijua tarehe ya POL moja ya chini na moja ya juu, zilizo katikati zinaanza kukaa mahali pake. Usilinganishe namba za mfululizo mmoja na mwingine. Hata ndani ya mfululizo mmoja kuna santuri iliyopewa namba mapema ikachelewa kutoka, kwa hiyo namba ni shahidi mzuri lakini si hakimu.

Sasa inamishe santuri chini ya tochi, mwanga uje kwa ubavu. Kati ya mwisho wa mitaro na lebo kuna pete laini, na juu ya pete hiyo kuna herufi na tarakimu zilizochongwa kwa mkono au kugongwa kwa mhuri. Huo ndio mchongo. Unanakiliwa wote, pamoja na alama ndogo za mwisho. Lebo hubandikwa na mtu anayeweza kukosea akaweka ya upande A kwenye B, bali mchongo umo kwenye plastiki yenyewe. Wimbo unaousikia usipolingana na jina lililo kwenye lebo, mchongo ndio utakaokuambia kosa liko wapi.

Upande mmoja wa santuri ndogo unabeba dakika tatu hadi tano hivi za muziki. Nyimbo za dansi za wakati ule zilikuwa ndefu kuliko hapo, ndiyo maana utaona "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2". Sehemu ya kwanza ina mashairi. Ya pili ni chemko, magitaa yanapopandana na mwimbaji kuanza kutaja majina. Mtu asiye na subira huruka sehemu ya pili, na hapo hukosa nusu ya ushahidi, kwa sababu kwenye chemko ndiko mpiga solo anakoitwa kwa jina, na mtindo wa bendi unakotangazwa. Sikiliza chemko na kalamu mkononi. Andika kila jina kama unavyolisikia, pamoja na dakika na sekunde linapotajwa.

Mtindo hasa ni hazina. Kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, NUTA Jazz Msondo, Afro 70 Afrosa, na Super Volcano ya Mbaraka Masika. Bendi iliweza kubadili mtindo lakini ikabaki na jina, kama Vijana Jazz walivyotoka Koka Koka wakaenda mitindo mingine. Ukijua mtindo upi ulitangulia upi, santuri isiyo na chochote cha kukusaidia inapata sehemu ya kukaa.

Mtunzi aliyechapwa kwenye mabano chini ya jina la wimbo usimwamini haraka. Mara nyingi ni kiongozi wa bendi, au mtu aliyepeleka kanda kwa kampuni. Jina hilo linakili, lakini safu ya "mtunzi halisi" iachwe wazi hadi upate sauti mbili zisizotegemeana.

Mtego mkubwa ni santuri kubwa ya mkusanyiko. Mfululizo wa Ukumbusho wa Mbaraka Mwinshehe ulitolewa baada ya yeye kufariki Januari 1979. Ndani yake zimo nyimbo zilizopigwa miaka mingi nyuma. Mtu akichukua mwaka wa jalada akauandika kama mwaka wa wimbo, atampa marehemu rekodi alizopiga akiwa kaburini, na makosa ya aina hiyo yamejaa mtandaoni. Mkusanyiko unakupa mwaka wa juu tu.

Kusafisha bila kuharibu

Kabla ya kuipiga, ioshe. Vumbi la miaka arobaini likisagwa na sindano linakuwa msasa ndani ya mtaro, na mpigo mmoja wa santuri chafu unaacha madhara yasiyoondoka.

Chukua lita moja ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na losheni, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Maji ya bomba yanaacha chokaa mitaroni. Maji yaliyochujwa hupatikana kwenye vituo vya mafuta, yale ya kuongezea kwenye betri, lakini soma chupa vizuri, kwa maana rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri kwenye chupa ya umbo lilelile. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki kinachobanwa, au ishike santuri kwa ukingo na usifikishe kitambaa chenye maji kwenye lebo. Futa kwa kufuata mzunguko wa mitaro, kamwe usikate mitaro kwa kupangusa toka katikati kwenda ukingoni. Suuza kwa maji yaliyochujwa yasiyo na sabuni, simamisha santuri ikauke kivulini. Jua la saa sita mchana litaikunja kabla ya chai kupoa.

Kuvu, ambayo ni adui wa Pwani yote kuanzia Tanga hadi Mtwara, huonekana kama ukungu mweupe wenye matawi. Hiyo inahitaji spiriti ya duka la dawa aina ya isopropili, sehemu moja kwa maji sehemu nne, kisha suuza. Spiriti yenye rangi inayouzwa kwa ajili ya majiko usiiguse, inaacha utando. Na kabla ya spiriti ya aina yoyote, hakikisha unachokisafisha ni plastiki. Santuri za zamani za mizunguko 78, nzito na zinazovunjika kama kigae, zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Bendi zilizoanza miaka ya hamsini zinaweza kuwa na hizo. Zioshe kwa maji na sabuni tu, upesi, na uzikaushe mara moja.

Santuri iliyokunjika usiipashe moto. Iweke kati ya vioo viwili vya meza, juu yake vitabu vya kilo nne au tano, mahali pa baridi, uisahau kwa wiki kadhaa. Isiponyooka, usiilazimishe. Mara nyingi inapigika hivyohivyo.

Kuihamisha kwenye kompyuta

Mashine za kisanduku zenye spika ndani, zinazouzwa kama mapambo, zinabonyeza sindano kwa nguvu kupita kiasi na mkono wake haurekebishiki. Tafuta mtambo wenye mzani nyuma ya mkono na sindano inayobadilishwa. Weka uzito wa gramu 1.5 hadi 2, au kadiri mtengenezaji wa sindano alivyosema. Watu hudhani uzito mdogo ni huruma kwa santuri. Sindano iliyo nyepesi mno inarukaruka ndani ya mtaro na kuupiga kuta, na hiyo inaharibu zaidi.

Kwa santuri ndogo za miaka ya sabini tumia sindano yenye ncha ya mviringo. Ile ya mikroni 18 inatosha, na kama upande umechakaa jaribu ya mikroni 25, inayopita juu kidogo ya mahali sindano za zamani zilipopita zikila. Santuri 78 zinataka sindano ya mikroni 75 hivi. Ukitumia ndogo itaogelea chini ya mtaro na kuleta mnguruno.

Kagua mwendo kabla ya kurekodi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani na uhesabu mizunguko: kwa 45, sekunde 20 zinatoa mizunguko 15 kamili, kwa 33 na theluthi, dakika tatu zinatoa 100. Mkanda wa mpira uliolegea unashusha mwendo, na hapo magitaa yote yanashuka sauti, kisha mpiga gitaa wa leo anayejifunza wimbo huo anashangaa kwa nini gitaa lake halikubaliani na la Mbaraka.

Waya za mtambo zipite kwenye priampu ya santuri, si moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, na priampu ndiyo inayorudisha usawa. Bila hiyo utapata sauti kama ya redio ndani ya debe. Rekodi kwa kilohetsi 96 na biti 24, faili la WAV, vilele visizidi desibeli 6 chini ya ukomo. Rekodi mikondo miwili hata kama santuri ni mono, yaani ya mkondo mmoja, kwa sababu ukuta mmoja wa mtaro mara nyingi umechakaa kuliko mwingine na baadaye utataka kuchagua. Kila dakika itakula megabaiti 35 hivi, kwa hiyo upande wa dakika nne ni karibu 140. Santuri mia moja za pande mbili zinaingia kwenye diski ya kawaida ya nje na nafasi inabaki.

Faili hilo la kwanza halisafishwi. Mikwaruzo ibaki, mlio wa sindano kushuka ubaki. Ukitaka toleo la kusikiliza, fanya nakala na usafishe nakala. Programu za kuondoa kelele hula kayamba na sahani za drams kwanza, na katika chemko hizo ndizo zinazoendesha ngoma.

Liite faili kwa mpangilio mmoja: kampuni, namba, upande, tarehe uliyorekodi. Majina ya nyimbo yasiwe kwenye jina la faili, kwa kuwa yatasahihishwa na utaishia na faili tatu za kitu kimoja.

Kanda, na kwa nini mtangazaji asikatwe

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena 1983. Njia ya kwenda kwenye viwanda vya Nairobi ikawa nyembamba. Ukipanga jedwali lako utaona santuri za bendi ya mkoani zinapungua ghafla kuanzia hapo, na mwandishi mgeni atahitimisha kwamba bendi ilikufa. Haikufa, bali ilihamia kwenye redio na kanda. Hapa santuri inanyamaza na lazima ubadili chanzo.

Kanda nyingi za majumbani ni nyimbo zilizonaswa toka redioni. Wenye kanda huomba radhi kwamba mtangazaji anaongea juu ya wimbo. Waambie hicho ndicho unachokitafuta. Sentensi moja ya mtangazaji, "hao walikuwa Tabora Jazz kutoka Tabora, na sasa taarifa ya habari", pamoja na kipande cha habari inayofuata, hukupa tarehe kuliko mahojiano matatu. Hamisha kanda yote pande zote mbili bila kusimamisha: C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45. Kabla ya kuicheza, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe ili ilegee. Tazama kitufe kidogo cha sponji nyuma ya utepe, kwa sababu kikiwa kimedondoka sauti itafifia na kurudi. Hapo fungua ganda lenye skurubu la kanda mpya isiyo na kitu, uhamishie utepe humo. Maganda yaliyogundishwa hupasuliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, polepole, upande usio na utepe wazi. Kanda ikisikika kama ina blanketi juu, kichwa cha mashine hakilingani na kilichorekodi: geuza skurubu ndogo iliyo pembeni ya kichwa robo mzunguko huku unasikiliza, simama penye sauti za juu zilizo wazi kuliko zote.

Kubana miaka kwa maneno ya wimbo

Bendi za wakati ule ziliimba mambo ya nchi, kwa hiyo mashairi yana mihuri ya tarehe. Wimbo unaoisifu TANU kama chama kilichoko madarakani haukutungwa baada ya tarehe 5 Februari 1977, siku TANU na ASP vilipoungana kuwa CCM. Unaotaja CCM haukutungwa kabla. Maombolezo ya Karume yanakuja baada ya 7 Aprili 1972. Nyimbo za vita vya Kagera ni za 1978 na 1979. Jina la bendi nalo ni muhuri: NUTA Jazz ya 1964 iligeuka JUWATA Jazz jumuiya ya wafanyakazi ilipobadilishwa jina, ikaja OTTU miaka ya tisini, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Simba Wanyika walikuwa Arusha Jazz kabla ya ndugu Kinyonga kuvuka kwenda Mombasa mwaka 1971.

Chukua mfano. Una upande wa santuri, lebo inasema Super Volcano, anayeimba ni Mbaraka. Aliacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano 1973, kwa hiyo mwaka wa chini ni 1973. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, kwa hiyo mwaka wa juu wa kurekodi ni 1979. Mashairi yanataja TANU kwa wakati uliopo: mwaka wa juu unashuka hadi 1977. Namba ya santuri iko chini ya nyingine uliyoikuta kwenye tangazo la gazeti la Agosti 1975: sasa umebaki na 1973 hadi 1975, bila kumsumbua mtu yeyote. Andika njia yote hiyo kwenye safu ya ushahidi. Anayekuja nyuma yako akipata tangazo la mapema zaidi, atabana penyewe bila kuanza upya.

Magazeti

Tafuta Uhuru, Ngurumo, Mzalendo na Daily News, na kwa upande wa Kenya Baraza na Taifa. Kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina majalada ya magazeti ya zamani. Usisome habari za burudani peke yake. Yanayokupa data ni matangazo madogo ya kurasa za mwisho: dansi Jumamosi, bugi Jumapili alasiri, ukumbi, kiingilio, bendi mwenyeji na bendi mgeni. Matangazo ya mwaka mmoja yakipangwa kwenye ramani yanaonyesha ziara za bendi mkoa kwa mkoa. Piga picha ukurasa mzima pamoja na tarehe ya juu, kisha kipande. Kipande bila tarehe ni karatasi tu.

Sasa nenda kwa mzee

Unaenda na santuri zilizohamishwa, orodha ya mapengo kumi tu, na picha zilizochapwa kubwa. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, mke au mume wake, wajukuu; siku ya kwanza inaweza kuishia hapo na haijapotea. Usimtafute mwimbaji peke yake. Waimbaji walihojiwa sana na masimulizi yao yameshakuwa wimbo wenye kiitikio. Mpiga besi, mpiga tumba, fundi mitambo, dereva wa gari la bendi na waliokaa mlangoni kukata tiketi wanakumbuka mambo ambayo hayajawahi kuulizwa.

Mwaka usiulizwe. Uliza kitu kilichokuwa karibu na mwaka. Badala ya "wimbo huu mliurekodi lini?", piga sekunde 40 za chemko, simamisha, useme: "Mzee, hilo sekondi solo ni la nani hapo?" Akikutajia jina, uliza: "Alikuja na gitaa lake au alilikuta?" Jibu la pili ndilo litakalomwaga habari. Vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya klabu, chama, jeshi au kiwanda, si vya wanamuziki. Aliyekuja bila gitaa aliweza kuondoka usiku mmoja kwenda bendi nyingine, na vyombo vilivyonunuliwa vipya vinakumbukwa na kila mtu: "hapo tulikuwa bado hatujapata yale maspika mapya". Maspika mapya yana risiti, na risiti ina tarehe, pengine kwenye mafaili ya taasisi iliyomiliki bendi.

Pitia vyombo kimoja kimoja: magitaa ya solo, sekondi solo na rithim, besi, drams, tumba, saksafoni, tarumbeta, waimbaji. Kwa kila kimoja, nani kabla, nani baada, alikwenda wapi. Watu walihama sana. Michael Enoch alipitia Dar es Salaam Jazz kabla ya kuwa nguzo ya Mlimani Park iliyoanza 1978, na kila mkoa una wake wa namna hiyo. Chora jedwali lingine, wanamuziki wima na miaka mlalo, paka rangi kwa kila bendi. Mtu mmoja akionekana kwenye bendi mbili za miji miwili wiki moja, kuna aliyekosea, na sasa unajua swali la ziara ijayo.

Kosa la kawaida la kumbukumbu ni kuunganisha bendi mbili za mtu mmoja. Wengi watakuambia wimbo fulani ni wa Morogoro Jazz kwa sababu anaimba Mbaraka, kumbe ni wa Super Volcano. Usimbishie mzee. Mpe santuri mkononi, aisome lebo mwenyewe. Atajirekebisha, na katika kujirekebisha atakueleza kwa nini Mbaraka aliondoka na nani walimfuata. Kosa la pili: watu watatu kila mmoja akidai kuwa mwanzilishi. Yaandike yote matatu, kila moja na jina la msemaji na tarehe ya mahojiano, usichague.

Simu iwekwe hali ya ndegeni, juu ya kitambaa ili isinase mtikisiko wa meza, shubiri moja na nusu toka kinywani. Saa moja na nusu inatosha. Mwanzo wa rekodi taja jina la msemaji, mahali na tarehe, na ruhusa yake isikike kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na karatasi iliyosainiwa. Mpelekee nakala ya rekodi na ya nyimbo zake kabla hujachapisha chochote. Wengi hawajawahi kumiliki hata santuri moja waliyoipiga.

Kuweka hadharani

Jedwali, tarehe, majina ya wanamuziki kama yalivyochapwa na picha za lebo vinaweza kutoka. Nyimbo zenyewe ni jambo jingine. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Tungo za Mbaraka Mwinshehe basi zina ulinzi hadi mwisho wa 2029, na warithi wapo. Kampuni iliyorekodi ina haki zake pembeni. Omba ruhusa ya familia kwa maandishi, na uulize ofisi ya hakimiliki kabla ya kupandisha wimbo mzima. Vipande vya sekunde 30 vya kuonyesha mtindo au sauti ya chombo vinatosha kwa kazi ya historia, ingawa navyo ni adabu kuvitolea taarifa.

Santuri zirudi kwa wenyewe zikiwa safi, ndani ya bahasha mpya za karatasi laini, zikiwa zimesimama wima kama vitabu. Zikilazwa moja juu ya nyingine za chini zinakunjika. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa unahifadhi unyevu na kuvu vinarudi masika ya kwanza. Mafaili yawe nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja nyumba nyingine au mji mwingine, na mara moja kwa mwaka fungua machache usikilize kama bado yanacheza.

Kila mstari wa jedwali upewe daraja: A kama tarehe imetoka kwenye kitu kilichochapwa au kuandikwa wakati uleule, B kama umeibana kati ya miaka miwili, C kama ni neno la mtu mmoja. Bendi ya mkoani ikifanyiwa kazi vizuri huanza na C nyingi, na ndiyo hali yake. Zilizobaki C baada ya mwaka mmoja, ziandike kwenye karatasi moja na uibandike kwenye ukumbi wa zamani wa bendi, kwenye kijiwe cha kahawa kilicho karibu, na msikitini au kanisani kwa ruhusa. Weka namba ya simu ya kazi hiyo, si yako ya nyumbani.